Lengo Lisilofikika

Mwanagenzi alikuwa anafuta lengo lake la kitaaluma, karatasi imeanza kutoboka, wakati kipaza sauti cha hospitali kilipokohoa. Mkurugenzi alitangaza kwa taadhima kwamba hospitali imeingia rasmi katika Zama za Malengo. Hakuna mtumishi atakayegusa kazi mpya kabla malengo yake hayajaidhinishwa.

Wagonjwa kwenye foleni walipiga makofi. Walidhani foleni inasogea.

Mwanagenzi huyu, binti wa chuo, alikuja kujifunza utawala wa hospitali. Hakuwa amejifunza kitu, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa amekataa malengo yake yote. Chuo kisipoyapata yakiwa na saini kufikia Ijumaa, atarudia mwaka. Na mama yake alishawaambia majirani kwamba mwanawe anaendesha hospitali.

"Safari hii umeandika nini?" aliuliza karani wa dirisha la kadi, aliyeitwa na wote Mama Foleni.

"Kufungua dirisha la pili, shangazi. Foleni ipungue."

"Weee! Si ufunguo huo hapo msumarini? Atalikataa hilo."

Mkurugenzi alilikataa kweli, tena kwa upole wa mtu aliyekwisha kunywa chai.

"Binti yangu, hili linafikika. Ukilifikia kesho, keshokutwa tutalenga nini? Isitoshe, foleni ndiyo ushahidi kwamba wananchi wanatupenda."

Mwanagenzi hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Huenda mzee ana hoja, aliwaza. Akaketi, akaandika: *Kujifunza kazi yote ya Mkurugenzi, mwanzo hadi mwisho.*

Mkurugenzi aliposoma, machozi yalimlengalenga. "Hili sasa ndilo lengo! Hata mimi mwenyewe sijalifikia." Akaahidi kusaini jioni, maana saini njema haitaki haraka.

Asubuhi hiyohiyo mwanagenzi akaanza kumfuata. Mkurugenzi aliuliza ni nani aliyeegesha gari kivulini pake. Akakataa malengo ya mkunga, ya fundi wa mashine, na ya mpishi aliyelenga kupika. Kisha akaingia kikaoni peke yake, akafunga mlango, na baada ya muda kikao kikaanza kukoroma.

Kikao kilivunjwa na mkaguzi wa wizara, mama mwenye sauti ndogo na viatu vya kelele. Mkurugenzi alijifuta uso, akamsukuma mwanagenzi mbele kama anayeonyesha kombe.

"Mwanangu," mkaguzi akasoma ile karatasi, "lengo hili utalifikia lini?"

Mwanagenzi akamtazama Mkurugenzi. Saini ilikuwa bado iko ndani ya kalamu yake. Lakini kaulizwa, na nyumbani kwao mtu mzima akikuuliza, humdanganyi.

"Nimeshalifikia, mama."

"Lote?"

"Lote. Nilimuuliza Bosi kama kuna kilichobaki, akasema nisubiri kikao kiishe. Na kikao nilikisikia kwa nje."

Mkurugenzi alicheka. Alicheka peke yake, kwa hiyo akaacha.

"Ndugu Mkurugenzi," mkaguzi akasema taratibu, huku akiisaini mwenyewe karatasi ya binti, "kazi inayojulikana yote kabla ya mchana inahitaji mkurugenzi wa nini? Kuanzia sasa wewe ni mwanagenzi wa dirisha la kadi. Na kanuni yako nimeipenda, tutaifuata: hutagusa kazi kabla malengo yako hayajaidhinishwa."

"Na nani?"

"Na mkuu wa dirisha."

Mkuu wa dirisha alikuwa Mama Foleni. Mwanagenzi alifungua dirisha la pili, nusu ya foleni ikahamia kwake, na Mkurugenzi akapewa stuli na kalamu. Aliandika kwa jasho: *Kuimarisha uratibu shirikishi wa mifumo ya kadi.*

"Hili linafikika, baba?" Mama Foleni aliuliza, macho yake kwa mgonjwa.

"Halifikiki hata kidogo!" akajibu kwa fahari.

"Basi andika jingine."

Akaandika jingine, na jingine. Jioni ilipoingia, mgonjwa wa mwisho akaondoka na kadi yake. Mwanagenzi alishusha pazia la dirisha lake, Mama Foleni akatafuta kandambili zake chini ya meza.

"Sasa mimi je?" Mkurugenzi akauliza, kanyoosha karatasi.

"Tumefunga, mwanangu," akasema Mama Foleni, akizima taa. "Kesho uwahi."