Jinsi Khisa wa Kitengela Alivyouteka Ukurasa Mmoja

Jongeeni, enyi mlio na masikio! Jongeeni ninyi wa Matasia na wa Ewuaso Kedong, nanyi wa Loitokitok mlioinamia nyanya zenu shambani. Fungeni mbuzi, zimeni redio, niwasimulie vita vilivyopiganwa Kitengela mwaka wa elfu mbili na nne, katika nyumba ya kupanga yenye meza moja, ambapo mtu mmoja aliuteka ukurasa mmoja. Asiyeamini na arudi kwa nyanya zake.

Shujaa wetu ni Khisa, simba wa Bungoma, karani wa ghala la simiti, mume wa Jentrix. Hakutamani mali wala sifa. Alitaka kuandika maisha ya marehemu mama yake, ukurasa mmoja kila jioni, kwa sababu alikuwa ameanza kumsahau. Sauti yake ilikuwa imeshamtoka masikioni, na sasa hata maneno yake yalikuwa yakiondoka moja moja. Jambo hilo lilimtisha kuliko kufa.

Basi akajiunga na Jeshi la Kalamu, kikundi kitukufu cha mtaani, ambacho wanachama wake waliapa kuandika kila siku na kutiana moyo. Na moyo waliutia, Mungu shahidi! Sheria yao ilikuwa kwamba mwanachama asipoandika leo, kesho jioni wenzake wanamtembelea kama anavyotembelewa mgonjwa, wanamwimbia, wanamwombea, wanainywa chai yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini Khisa hakuwa na saa nyingine ya kuandika ila hiyo ya jioni. Akitembelewa haandiki, asipoandika anatembelewa.

Sheria ya pili ilikuwa chungu zaidi. Asiyeleta hata ukurasa mmoja hadi mwisho wa mwezi alisamehewa kuandika na kupewa cheo. Ndivyo alivyopatikana Mwenyekiti Musau, kinara wa kutia moyo. Ndivyo alivyopatikana Katibu Munyiva, na Mweka Hazina Maundu, ambaye hazina hakuwahi kuiona. Khisa alikuwa ameshatengewa unaibu wa nidhamu, na hakuna aliyewahi kuingia katika vyeo hivyo akairudia kalamu. Akipewa cheo, mama yake angezikwa mara ya pili.

Jioni ya mwisho ya mwezi ikawadia. Khisa alitoka kazini na vumbi la simiti kwenye nyusi, akafuta meza, akatandaza karatasi, akaishika kalamu kama mkuki. Hodi! Jeshi lilikuwa mlangoni.

"Baba Valerie, hawa watu wako wamekuja tena," akasema Jentrix, jemadari wa jiko. "Sukari iliisha jana. Si uwaambie uko na kazi?"

"Nitawaambiaje, Mama Valerie? Watu wanakuja kunisaidia, niwafukuze? Asante ya punda?"

"Haya, basi leo watakunywa uchungu," akasema Jentrix, akainjika sufuria.

Musau akasimama, akakohoa, akakunja mikono nyuma kama mbunge.

"Ndugu yetu Khisa! Mimi siko na mengi. Tumesikia kalamu yako imelala. Sisi kama viongozi tumesema hapana! Hatutoki kwa hii nyumba mpaka uandike!"

Munyiva akaunga mkono. Maundu akamuunga mkono Munyiva.

"Wapendwa," akasihi shujaa, "mimi naomba tu mniache kidogo..."

"Kuachwa?" akanguruma Musau. "Hakuna mtu ataachwa katika hii kikundi! Tufunge macho, tuombe."

Na sala ya Musau, enyi wasikilizaji, haikuwa sala ya kuharakisha. Ilianzia siku ya kuumbwa nuru, ikateremka kwa manabii, ikapumzika Machakos kuwataja jamaa zake wote, ikaiombea serikali wizara kwa wizara, ndipo ikawageukia ng'ombe. Macho yote yalifumbwa. Khisa naye aliyafumba, kisha akafumbua moja.

Akaona Musau ameelekeza uso darini, Munyiva ameinamisha kichwa, Maundu amekwisha kusinzia. Hakuna aliyemtazama, hakuna aliyemtia moyo. Karatasi ilikuwa mbele yake. Alisita, maana alilelewa kanisani. Halafu akajisemea Mungu si Athumani, akaishusha kalamu vitani.

Aliandika jinsi mama yake alivyokuwa akipuliza uji asubuhi, akionja kwanza yeye, na jinsi alivyomshika mkono wake mdogo uliokuwa ukikimbilia kikombe. "Kunywa pole pole," alikuwa akimwambia. "Hakuna mwenye atakunyang'anya." Maneno hayo yalirudi na sauti yake ndani, na Khisa akalia huku akiandika. Sala ilipovuka mpaka wa Namanga na kuingia Tanzania, ukurasa ulikuwa umejaa.

"Amina!"

Macho yakafumbuka. Yote yakatua kwenye ukurasa.

"Tukifunga macho, hii karatasi ilikuwa nyeupe," akasema Musau.

"Nyeupe kabisa, Mwenyekiti. Niliiona," akaunga mkono Munyiva.

Musau akainua mikono juu. "Basi mmejionea wenyewe! Maombi yangu imejibiwa!"

Jentrix alikuwa mlangoni na sinia, naye alikuwa ameona kila kitu. Aliuma mdomo asicheke. Kisha akasoma juu ya bega la mumewe, na kicheko kikamwisha.

"Ni yeye kabisa," akasema. "Ni Mama."

Hapo Khisa hakujali tena ni nani angesifiwa. Cheo chake kikafutwa, Munyiva akaunga mkono, na chai chungu ikanywewa kwa shangwe.

Kesho yake jioni Khisa mwenyewe ndiye aliyeliita jeshi. "Mwenyekiti, tuombee tena," akasema, "na tafadhali usifupishe." Sasa Munyiva hakuwa mjinga, alikuwa ameuona wino kwenye kidole cha Khisa, akaja na penseli ndani ya leso. Maundu, aliyenong'onezwa njiani, alikuja na karatasi yake. Musau hakuwa amemaliza hata kumtaja Adamu, nao wote walikuwa wameinama wakiandika.

Basi ijulikane toka Isinya hadi Ngong, na wajukuu wafundishwe, kwamba hivi ndivyo Kitengela ilivyopata waandishi wanaoandika kila siku bila kukosa. Na kwamba mwenyekiti wao shujaa, mtia moyo asiyechoka, alisimama katikati yao amefumba macho, akimsihi Mungu awape hata mwandishi mmoja.