Siku ya Kuzaliwa ya Hillegonda

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu ya kufanya kazi nyumbani. Ofisi: meza ya chakula, mbele ya dirisha kubwa la barabarani. Wafanyakazi: mimi. Wateja: mmoja tu, Bi. Lubberink wa Deventer, anayeshona mahema ya karavani, zile nyumba za safari zinazovutwa na gari. Namwandikia barua pepe, namjibia wanaolalamikia zipu. Ijumaa anaamua: mkataba wa mwaka mzima au kwaheri.

Nikikosa, narudi kwa shemeji yangu Sietse, kwenye duka lake la maua na vyungu hapa hapa Franeker. Miaka tisa nilikaa kule! Dada yangu amekwisha kuipiga pasi aproni ya kijani. Jina langu kifuani: WIEBE. Naiogopa ile aproni kuliko daktari wa meno.

Tatizo ni kuaminika. Bi. Lubberink hajaniona ila kichwa na mabega kwenye simu ya video, na alishasema wazi kwamba yeye hanunui mbuzi kwenye gunia. Nimewaza sana. Mtu mmoja mezani haaminiki. Ofisi huaminika. Basi leo saa tatu asubuhi nimeajiri katibu. Jina: Hillegonda. Umri: thelathini na minne. Mshahara: hana, kwa kuwa hayupo. Yeye atajibu barua za asubuhi, mimi za mchana.

Mke wangu Froukje ameuliza kwa nini nisimwambie tu yule mama kwamba niko peke yangu. Nimemjibu kwamba biashara haielewi. Akasema njia ya mwongo ni fupi, akapanda baiskeli yake, huyoo kazini. Haoni mbali, lakini nampenda.

Jumanne, 4 Machi

Hillegonda amepokewa kama mkwe! Barua yake ya kwanza ilimuuliza Bi. Lubberink hali ya goti lake. Mimi nisingethubutu, ila Hillegonda ni mtu wa watu. Amejibiwa kurasa mbili: goti, mvua, binti aliyehamia Norwei. Mchana nikatuma ripoti yangu, yenye vichwa saba na jedwali. Jibu: "Sawa."

Nimeona wivu. Nakiri. Nikamkosesha Hillegonda makusudi. Akaandika tarehe mbaya ya kupeleka mahema, na baada ya dakika kumi nikaingia mimi kusahihisha, kwa masikitiko makubwa. Bi. Lubberink akanijia juu. Kila mtu hukosea, akasema, na bosi anayemwanika mfanyakazi wake mbele ya mteja yeye hamwelewi kabisa. Mimi! Bosi mbaya!

Kisha akataka siku ya kuzaliwa ya Hillegonda, aiandike kwenye kalenda ya chooni kwake. Kwetu Uholanzi huo si utani. Ukiandikwa kwenye kalenda ya choo cha mtu umekuwa wa nyumbani, atakukumbuka kila asubuhi apende asipende. Yangu hakuiomba.

Nikapiga hesabu ya haraka. Hillegonda akizaliwa Alhamisi hii, nitampa mapumziko, na siku moja kabla ya uamuzi nitang'aa peke yangu. Nikaandika: 6 Machi, anatimiza thelathini na mitano. Akili ninazo, jamani.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Bi. Lubberink amepiga simu. Kesho anapeleka hema Harlingen, atapita hapa saa nne na nusu kumpa Hillegonda mkono. Mtu wa kwetu haji kwako bila miadi ya wiki mbili, ila siku ya kuzaliwa mlango huwa wa wote. Nimezaliwa hapa, nina miaka arobaini na mmoja, na nimesahau!

Nikamwambia Hillegonda yuko mapumzikoni. Akasema haiwezekani, keki huletwa na mwenye siku, kwa hiyo atapita tu ofisini kuwalisha wenzake.

Nikafunga mapazia nipate kuwaza. Kosa! Mtaa huu hakuna aliyefunga pazia mchana tangu enzi za babu. Asiye na la kuficha huacha wazi, na yakifungwa kuna msiba. Dakika kumi hazijaisha, kengele ikalia. Jirani wa ng'ambo ya barabara, Bi. Akke, miaka sabini na tisa, bakuli la supu ya njegere mkononi, macho mekundu. Nani amekufa? Froukje? Nikamwambia hajafa mtu. Hajaketi vizuri, akaingia Sietse mbio na shada la maua (ya jana, nayajua). Aliponiona mzima alishusha pumzi, nadhani kwa mapenzi. Halafu akauliza kama basi naweza kuanza Jumatatu. "Aproni inakungoja, bwana mdogo!"

Jioni nikamwomba Froukje awe Hillegonda kwa saa moja tu. Akakataa katakata. Bi. Akke, ambaye bado hajaondoka, akainua mkono kama mtoto wa shule. Atakuwa yeye. Sharti lake: keki ya tufaha ya kuokwa nyumbani, siyo ya boksi.

Nimeoka. Upande mmoja umeungua.

Alhamisi, 6 Machi

Viti tukavipanga duara sebuleni, kama inavyotakiwa. Bi. Akke akaja na blauzi ya kanisani na rangi ya mdomo. Nikamfunda: sema kidogo, tabasamu sana, na ukiulizwa umri, kazi imekuchosha.

Saa nne na nusu kamili. Bi. Lubberink, mrefu kama mlango, bendeji gotini. Akazunguka duara akimpa kila mtu mkono, maana kwetu hupongezwa wote, si mwenye siku peke yake. Hongera, Wiebe, kwa katibu wako. Hongera, Froukje, kwa katibu wa mumeo. Sietse, aliyekuja kutazama aibu yangu, naye akapongezwa, akasema asante. Kisha Bi. Lubberink akamfikia Bi. Akke. Akamtazama. Akanitazama mimi. Akamtazama tena.

"Thelathini na mitano," akasema.

Bi. Akke alivumilia mpaka kipande cha pili cha keki. Halafu akaweka uma chini.

"Mwanangu, mie kompyuta hata pa kuiwashia sipajui. Mie jirani tu. Huyo Hillegonda wako ndiye huyu huyu Wiebe. Namwona pale dirishani. Saa mbili asubuhi keshakaa, juu shati la heshima, chini suruali ya kulalia. Hanyanyuki! Anaandika, anafuta, anaandika. Mkate anaulia hapo hapo. Juzi kamaliza barua, kaisoma kajishika kiuno kama bibie huku anacheka mwenyewe. Televisheni yangu haina mchezo mzuri kama ule."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaiona aproni. Nikaungama yote. Nilisema niliogopa kwamba mimi peke yangu sitoshi. Sikuwa nimekusudia kusema hivyo mbele ya Sietse.

Bi. Lubberink hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Uongo ule ni wa kijinga, akasema, na ripoti zangu zinamlaza usingizi. Lakini barua za Hillegonda alimsomea binti yake wa Norwei kwenye simu, wakacheka wote wawili. Kama mwandishi ni mimi, basi niandike vile vile na nitie jina langu. Kuhusu mbuzi, ameshatoka guniani, na ana jirani wa kumchunga tangu saa mbili asubuhi. Hapo akaanza kucheka mwenyewe, akacheka hata akalishika goti.

Kisha akatoa kalamu. Akamuuliza Bi. Akke siku yake ya kuzaliwa, ile ya kweli. Halafu akaniuliza yangu! 19 Agosti. Nimo chooni Deventer! Machozi yalinitoka, Froukje akanibana mkono. Sietse akachukua keki iliyobaki, ule upande ulioungua, akaniambia nimefanya vizuri. Naye ni mtu mwema akitaka.

Ijumaa, 7 Machi

Mkataba! Mwaka mzima! Nimeutia saini saa mbili na dakika tano, na Bi. Akke akanipungia mkono kutoka dirishani kwake.

Froukje akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia: ukweli, mpenzi. Akanibusu, akaenda kazini akiimba.

Saa nane mchana simu ikalia. Mteja mpya! Bwana mmoja wa Groningen, muuza pampu za maji, amenisikia kwa Bi. Lubberink. Akauliza kama nina mtu anayezielewa pampu. Nikamwambia ninaye. Bwana Harmen, mhandisi, mtu wa makamo, si msemaji sana. Mteja alifurahi mno. Akaomba siku ya kuzaliwa ya Bwana Harmen.

Hapa ndipo uzoefu unapomfaa mtu. Nimempa 29 Februari. Nina miaka mitatu ya kujipanga.