Kumbukumbu ya Marehemu Babu

Nurdini aliposikia jiwe likigongwa juu ya msumari pale kijiwe cha bodaboda Mkonze, Dodoma, moyo wake ulijaa huruma. Ilikuwa huruma ya kipanga aliyeona kifaranga kimetangulia mbele ya mama yake.

Alikuwa ametoka Mpwapwa kwa sababu za kiafya: mafundi wa huko walikuwa wanamtafuta. Kichwani alibeba boksi. Mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna kidogo upande wa kulia.

Chini ya kivuli chembamba cha mabati, madereva walikuwa wameizunguka pikipiki ya Priska. Cheni ilikuwa imekatika, na pini iliyovunjikia ndani ilikataa kutoka. Pikipiki ile ndiyo iliyolisha nyumba nzima ya mama yake, kwa hiyo Priska aligonga kwa jiwe kama mtu anayebisha hodi kwa mdaiwa.

"Jamani!" Nurdini alitua boksi. "Serikali nzima imehamia Dodoma, ninyi bado mnakata cheni kwa msumari?"

Watu walicheka. Mtu akishacheka, nusu ya kazi ya tapeli imekwisha.

Kutoka mfukoni alitoa kifaa cheusi, kizito, kinachojaa kiganja. "Kuchagua kifaa cha kukatia na kuungia cheni ni kama kuchagua mchumba. Usitazame rangi. Tazama ncha: ikiwa laini, ikikutana na pini itapinda. Tazama uzi wa skrubu: ukiwa mnene, nguvu yako inafika. Na kiweze kazi mbili, kuisukuma pini ya zamani itoke, na kuifinya mpya mpaka kichwa chake kitanuke kama uyoga, isichomoke."

Hapo hakudanganya hata neno moja. Ndilo jambo la kusikitisha kuhusu Nurdini: ukweli aliujua wote, ila hakuwa na matumizi nao.

Akazungusha mpini. Pini iliyowatesa asubuhi nzima ikatoka, ikaanguka mchangani.

"Eeh!" kijiwe kizima kikaguna.

"Na boksi limejaa," alisema Nurdini, akimtazama Priska peke yake, maana ndiye aliyekuwa na macho yanayong'aa. "Dada, hapa kuna utajiri wa mtu mmoja tu. Vijiwe vyote kuanzia hapa mpaka Kondoa vitakuja kukupigia magoti. Mimi nimechoka kuzunguka. Nipe hii pikipiki kuukuu, chukua boksi zima."

Priska si mtu mbaya. Lakini kwa dakika moja alijiona amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, akiwauzia wenzake hawa hawa kwa bei ambayo ingewatoa machozi, na picha hiyo haikumhuzunisha. Akatoa mkono. Nurdini akaushika mbele ya watu wote, na pale kijiweni mkono ukishapeanwa mbele ya watu, haurudi.

Kisha Nurdini akakirudisha kile kifaa mfukoni.

Mama Mwamvua, muuza chapati na maharage, mwanamke mwenye mwili wa kutosha watu wawili wenye nafasi, aliinua macho kutoka kwenye ndoo yake.

"Mwanangu, mbona hicho hakilali na wenzake?"

"Hiki ni kumbukumbu ya marehemu babu, mama."

"Babu yako alikuwa na pikipiki?"

"Alikuwa na ndoto, mama."

Priska alichukua kifaa kimoja ndani ya boksi, akakwaruza ncha yake kwa ufunguo. Ikachubuka kama muhogo. Hakupiga kelele. Alitabasamu.

"Kaka, pikipiki ni yako, iunge cheni yako. Ila tumia kimoja cha humu boksini mwangu, tujifunze."

Hivyo, kwa mara ya kwanza maishani, mteja wa Nurdini akawa Nurdini. Alichambua boksi kama mama anayechagua nyanya jioni. Cha kwanza ncha ilipinda. "Hiki kimechoka safari." Cha pili uzi ulikatika. "Hiki ni cha mkono wa kushoto." Mwishowe kimoja kilibonyeza kichwa cha pini kidogo, kama mtu anayetabasamu kwa adabu tu.

"Itafika barabara ya lami?" aliuliza Priska.

Watu walikuwa wanamtazama. "Itafika? Ikikatika kabla ya lami, haki ya Mungu, chukua pikipiki yako, na chochote kilichomo mkononi mwangu!"

Akapanda haraka. Kabla hajawasha, pikipiki ilishuka kwa nyuma. Mama Mwamvua alikuwa amekwisha kukaa, ndoo ya maharage mapajani.

"Mama, shikamoo, unakwenda wapi?"

"Marahaba. Desturi ya hapa, mwanangu. Mwenye pikipiki mpya humbeba mkubwa wa kijiwe bure mpaka lami. Asiyembeba hafiki mbali."

Madereva wakawasha zao, msafara ukaanza, honi zikalia kama harusini. Nurdini aliendesha kama aliyebeba mayai juu ya mayai mengine. Kuku mmoja akawapita.

"Kaka, ongeza moto!"

"Naizoesha injini!"

"Maharage yanapoa," alisema Mama Mwamvua.

Lami ilikuwa inaonekana kabisa, ng'ambo ya korongo. Wakashuka mchangani. Wakaanza kupanda. Nurdini akaomba dua, akaongeza mafuta kidogo sana.

Tak!

Cheni ikalala mchangani kama nyoka aliyepigwa. Honi zikanyamaza. Nurdini, ambaye kila shida ilipomkuta mkono wake ulikimbilia mfuko wa kulia, alikuwa ameshachuchumaa na kuanza kazi kabla hajafikiri.

Priska alisimama juu yake. "Kaka, mkononi una nini?"

Nurdini akatazama mkono wake kama kwamba ni wa jirani.

"Ni kumbukumbu ya—"

"Babu amekufa mara ya pili," alisema Mama Mwamvua, akishuka taratibu.

"Maliza kwanza," alisema Priska. "Kama uyoga, kama ulivyotufundisha."

Akamaliza, na pini ilitanuka vizuri mno. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuna aliyempongeza. Priska akakichukua kifaa kiganjani mwake, akampakia Mama Mwamvua.

"Na boksi langu?" Nurdini aliuliza kwa sauti ndogo.

"Lipo kijiweni. Lifuate. Tutakuwepo wote."

Hakulifuata. Mpaka leo boksi linashikilia mguu mbovu wa benchi la Mama Mwamvua, kazi ya kwanza ya halali liliyowahi kupata.

Kifaa cheusi kinalala mfukoni mwa Priska. Cheni ya mtu ikikatika, hukitoa, lakini si bure. Kwanza mtu anunue chai ya kijiwe kizima. Juzi dereva mmoja mgeni akamwomba amuuzie.

Priska alikipapasa kwa huzuni kubwa.

"Hapana, kaka. Hiki ni kumbukumbu ya marehemu babu."