Kulwa wa Tisini na Tatu, Doto wa Tisini na Nne

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Leo nimezeeka. Saa tatu asubuhi, mbele ya ubao wa matangazo, ofisi ya kata, Isevya.

Taasisi ya serikali inatafuta Wasaidizi wa Kumbukumbu, mkoa wa Tabora, nafasi mbili. Kazi yangu hasa! Stashahada ninayo. Miaka miwili nimejitolea hapo hapo kata nikipanga mafaili bila hata kikombe cha chai. Nikasoma huku natabasamu mpaka kipengele cha nne: mwombaji asiwe amezidi miaka thelathini ifikapo tarehe 30 Septemba. Mimi nina thelathini na miwili na miezi saba. Meno yote ninayo, nywele zote ninazo, na ni mzee.

Na hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Mama ameshasema mvua zikianza bado niko kwenye kochi lake, nakwenda Igalula kulima karanga na mjomba Anton. Mjomba Anton huamka saa kumi alfajiri, tena akiimba.

Nimelichana tangazo nikaondoka nalo. Si wizi. Ni kupunguza foleni. Nyumbani nikagundua ukurasa wa pili umebaki kwenye pini. Si kitu. Ukurasa wa pili huwa ni anwani tu.

Jumanne, 16 Septemba

Akili imefanya kazi usiku kucha. Cheti changu cha kuzaliwa kililiwa na mchwa mwaka juzi. Nililalamika sana wakati ule. Leo nawashukuru mchwa.

Asubuhi kwa Wakili Nasri. Akasema asiye na cheti anaweza kuleta kiapo cha umri, ila aape mzazi au ndugu mtu mzima. Nikamwomba aandae karatasi: Sixbert Doto, amezaliwa 9 Februari 1997. Miaka ishirini na minane! Nilitoka pale natembea kama kijana. Nikamwamkia shikamoo muuza maandazi. Akaniangalia vibaya, tulisoma darasa moja.

Balaa nyumbani. Shija kaiona karatasi. Shija ni mdogo wetu, fundi pikipiki, alitufuatia sisi mapacha ndiyo maana akaitwa Shija. Kazaliwa Agosti 1995. Akahesabu kwa vidole vyenye grisi, akavuta kiti kizuri, akakaa, akasema anasubiri shikamoo yake. Nikampuuza. Akasema basi mdogo wake amchotee maji ya kuoga.

Nimechota. Ni kwa ajili ya ajira.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepeleka kiapo kwa Mama atie saini. Nilichagua wakati mzuri, anapika ugali, mikono imeshughulika. Kosa. Mkono mmoja ulikuwa na mwiko.

Mama alisoma taratibu. Akauliza baba yangu alifariki lini. Nikasema Mei tisini na tano, Mungu amrehemu. Akauliza mimi hapa nazaliwa lini. Nikasema tisini na saba. Ndipo nikaelewa nilichomwandikia mama yangu mzazi, mjane, mwanachama wa WAWATA, parokia nzima inamheshimu.

Mwiko wa ugali ni wa moto kuliko unavyoonekana.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimejifungia chumbani na kalenda. Lazima nizaliwe baada ya Septemba tisini na nne, la sivyo nimezidi thelathini. Lazima nizaliwe kabla ya msiba wa baba, kwa heshima ya Mama. Na kati ya hapo Shija ameshakaa tumboni miezi tisa! Hata kabla hajazaliwa ananibania.

Saa nane mchana nimepata upenyo. Tarehe 3 Oktoba 1994. Miezi kumi na kidogo kabla ya Shija. Nafasi finyu, lakini mtu mwembamba anapita. Siku ya mwisho ya maombi nitakuwa bado na thelathini, zimebaki siku tatu tu. Hesabu safi kabisa. Wangenipa kazi kwa hesabu hii pekee.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya misa, Kulwa. Apolinaria Kulwa, pacha wangu, aliyenitangulia kwa robo saa, ndiyo maana yeye Kulwa na mimi Doto, na hajawahi kuacha kunitangulia. Anauza mchele wa Igunga hapo sokoni, analea watoto wawili peke yake. Naye ana stashahada kama yangu, naye alijitolea kata pamoja nami. Anasema ameomba kazi ile ile. Kwa umri wake wa kweli!

Nilimwonea huruma. Nikamshauri naye ahamie tisini na nne, tuwe pamoja. Akakataa. Akasema ana karatasi anataka niisome, aliikuta kwenye ubao. Nikamwambia sina muda wa kusoma, niko kwenye maandalizi. Akasema Doto, soma. Nikamwambia asinipangie, robo saa haimfanyi kuwa mama yangu. Akaikunja akairudisha kwenye mkoba.

Wivu huo.

Ijumaa, 26 Septemba

Mjomba Anton kaja mjini na magunia yake. Ameapa kwa Wakili Nasri bila kuuliza tarehe. Aliuliza tu kama napenda jembe la mpini mrefu au mfupi.

Limebaki la kitambulisho cha taifa. Namba yake yenyewe inaanza na mwaka wa kuzaliwa, nani aliwaza jambo la kimbea namna hii? Nimezunguka steshenari tatu mpaka nikapata mashine inayokata wino. Kopi imetoka nzuri sana. Haisomeki hata jina.

Maombi nimepeleka kwa mkono. Nimepigiwa mhuri. Nimekula chipsi mayai kujipongeza.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Usaili wa kuandika, ukumbi wa taasisi, mlango unafungwa saa tatu kamili. Kwanza ukaguzi wa vyeti, mezani kwa Bi Swaumu, mama wa miwani na rula. Nikamwamkia kwa adabu. Akauliza jina, nikasema Sixbert. Akasoma mwenyewe: Sixbert Doto. Akainua macho akamtazama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Apolinaria Kulwa. Pua moja, paji moja.

Akauliza Kulwa kazaliwa lini. Februari tisini na tatu. Na mimi? Oktoba tisini na nne. Akaweka rula chini. Akauliza, kwa sauti ya kanisani, kama mama yetu alimzaa Kulwa, akaenda shamba akalima, akavuna, akala, akalima tena, ndipo akakumbuka kuna mwingine amebaki. Foleni nzima ilicheka. Hata askari wa mlangoni.

Nikasema Doto ni jina la babu. Bi Swaumu akamuuliza Kulwa kama ni kweli. Kulwa hakunichoma.

Basi Bi Swaumu akasukuma mafaili yetu yote mawili pembeni. Akasema hapa kuna karatasi moja ya uongo, na mpaka ijulikane ni ipi, haingii mtu. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika nne.

Kulwa aliukumbatia mkoba. Alikuwa amevaa viatu vya kuazima, vinambana, nilimwona asubuhi akivipaka mafuta ndani. Hakunitazama hata mara moja. Nimeona haya. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikasema. Ya kwangu ndiyo ya uongo, mama. Huyu aandike mtihani.

Kulwa aliingia akikimbia, mlango ukafungwa nyuma yake. Bi Swaumu akachana kiapo changu vipande vinne, akasema nishukuru hana muda wa kuita polisi. Halafu akauliza mtu aliyejitolea kata miaka miwili alikuwa anahangaika na nini, wakati waliojitolea wameruhusiwa mpaka miaka thelathini na mitano. Imeandikwa ukurasa wa pili.

Nilikaa nje kwenye ngazi. Nimelia. Mpita njia akaniuliza kama nimefiwa.

Jumatano, 26 Novemba

Igalula. Malengelenge saba, mkono wa kulia peke yake. Mjomba anaimba.

Leo kaja Shija na pikipiki. Habari kubwa: Kulwa kapata! Kaanza kazi Urambo, ana meza na mhuri. Mama kachinja jogoo. Nimefurahi, kusema kweli nimefurahi sana, ingawa paja la jogoo halikufika huku.

Shija kaleta na gazeti. Taasisi nyingine, Wasaidizi wa Kumbukumbu, mwisho miaka thelathini na mitano. Nimesoma kurasa zote, mbele na nyuma. Nina thelathini na miwili. Nimo ndani, halali, sihitaji kubadili kitu chochote.

Lakini thelathini na miwili kwenye thelathini na mitano ni kukaa ukingoni. Bora ishirini na sita, mtu apumue. Makosa ya safari ile nimeyachambua vizuri nikiwa shambani, na kosa lilikuwa moja tu: shahidi. Mjomba Anton siku nazaliwa alikuwa Igunga anachunga ng'ombe, angejua nini? Anatakiwa shahidi mwaminifu, mtumishi wa umma, aliyeshuhudia kwa macho yake.

Nimemwandikia Kulwa aje aniapie. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kusema kwamba alikuwepo.