Mchungaji Apelekwa Likizo

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeshindwa kwenye baraza la wazee wa kanisa, na aliyenishinda ni mke wangu mwenyewe. Alingoja mpaka "Mengineyo", akasimama, akasema kwamba tangu pacha wazaliwe, miaka minne sasa, hajakaa na mumewe siku mbili mfululizo bila mtu kupiga hodi. Mzee Mwenyekiti, ambaye rangi ya mapazia ilimchukua miezi mitano, hili alilipitisha kabla chai haijapoa. Siku tatu, mimi na mke wangu, nyumba ya wageni kule mlimani. Watoto wabaki na mama mkwe. Jumapili ahubiri Mwinjilisti.

Nilipinga. Nilisema kundi haliachwi hivi hivi. Nilisema Mwinjilisti bado mbichi. Ana miaka ishirini na sita na koo lisilohitaji kipaza sauti. Vijana wanamwita Radi. Sina wivu. Naandika tu. Nilipogeuka kumtazama karani, alikuwa ameshaandika "Imepitishwa" na kupiga mstari chini yake.

Mke wangu amebandika masharti kwenye friji. La kwanza, simu itakayokwenda ni yake peke yake. La pili, hakuna kuhubiri. La tatu, nisimwambie mtu yeyote kwamba mimi ni mchungaji, maana nikishasema hivyo watu huanza kueleza shida zao na chakula chetu hupoa. Nimetia sahihi. Kutia sahihi si kukubali. Simu yangu ya zamani, ile ya vitufe, iko ndani ya soksi nyeusi, na soksi iko ndani ya kiatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumeondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa vilio. Sikuona hata chozi. Pacha waliuliza nani atakalia kiti changu mezani, wakaanza kukigombania kabla sijafika mlangoni. Binti yetu mkubwa, miaka saba, alinipa mkono kama mgeni. Mama mkwe alisema niende salama na nisirudi haraka. Nimeamua kuichukua kama baraka.

Nyumba ya wageni ina vyumba sita. Chetu ni cha nne, chenye dirisha linalotazama kilima na zizi la jirani. Kitanda kizuri. Kimya cha ajabu. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimekwisha kupumzika, nikamwuliza mke wangu sasa tufanye nini. Akasema: hiki hiki.

Chakula cha jioni huliwa meza moja na wageni wote. Mzee mmoja, mpole, mikono mikubwa iliyokakamaa kwa baridi yabisi, aliniuliza nafanya kazi gani. Mimi si mtu wa kusema uongo. Nikasema ni mchungaji. Kisigino cha mke wangu kikatua juu ya kidole changu. Nikaongeza: wa kondoo.

Mzee akang'aa uso. Yeye ni daktari wa mifugo, mstaafu. Akataka kujua nina kondoo wangapi. Nikasema kwenye daftari ni mia mbili na arobaini, ila wanaoonekana hawazidi mia. Akaweka kijiko chini. Hao wengine wamekwenda wapi? Nikasema hutangatanga, lakini mwisho wa mwaka hurudi wote kwa siku moja, wamependeza. Akauliza kama huwa nawaogesha. Nikasema ndiyo, mara moja tu maishani, tunawazamisha na kuwainua. Akauliza ugonjwa unaowasumbua zaidi. Nikasema kusinzia.

Mke wangu alicheka mpaka supu ikampalia. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tulipokuwa wachumba. Kila swali nililijibu kwa ukweli mtupu. Hakuna sharti nililovunja.

Jumamosi, 9 Agosti

Mtandao hapa haupo, isipokuwa sehemu moja: nyuma ya jiko, kwenye kamba za kuanikia nguo, ukisimama juu ya ndoo. Nimeligundua hilo kwa juhudi zangu mwenyewe, wakati mke wangu anaoga.

Nilimpigia karani. Nilitaka tu kujua Radi atahubiri nini. Karani akasema somo ni "Faida za Kupumzika". Hicho ni kijembe, na najua kimeelekezwa wapi. Nikamwamuru amwambie Radi abadili somo, nami nitamsomea vichwa kumi na viwili vya mahubiri sasa hivi, achukue kalamu. Karani akadai hanisikii vizuri. Nikapaza sauti. Nilipofika kichwa cha tano, ambacho kinahitaji mkono kuinuliwa, ndoo ikapinduka. Nikaanguka na kamba, na mashuka manane ya nyumba ya wageni yakanifuata.

Nilipojifunua nilimwona mke wangu, taulo kichwani. Simu ilikuwa bado inaongea huko nyasini: "Mchungaji, uko hewani?" Mke wangu akaokota mashuka, yote manane, akayarudisha kwa mama msimamizi, akaomba radhi kwa niaba yangu. Kisha akavaa viatu na kupanda kilima peke yake.

Nilikaa chumbani nikiandaa utetezi. Ulikuwa mzuri, wenye hoja sita. Chakula cha mchana kikaja na kuondoka. Saa tisa nikaona sasa nimfuate.

Nilimkuta ameketi juu ya jiwe. Nikaanza hoja ya kwanza. Akanikatiza, taratibu, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba Pacha, unakumbuka siku mtoto alipovunjika mkono?"

Nikasema nakumbuka, nilifika hospitalini mbio.

"Ulifika mbio. Ukamwombea mlinzi. Ukamwombea muuguzi. Ukamwombea yule baba wa kitanda cha pili, ukachukua na namba yake. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto, nakusubiri umalize watu. Nikajikuta kwenye foleni ya mume wangu." Akatazama bondeni. "Sikuja huku kupumzika. Nimekuja kuona kama bado upo."

Hoja zote sita zilikuwa kichwani na hakuna hata moja iliyofaa. Nikatoa simu mfukoni nikampa. Akaizima, akaitia kwenye mkoba wake. Kisha akaegemea bega langu na kulala usingizi mzito, mchana kweupe, juu ya jiwe.

Alilala saa nzima na nusu. Mkono wangu ulikufa ganzi, sisimizi wakapanda mguuni. Sikujitingisha. Iandikwe hapa kwamba hakuna aliyenilazimisha.

Jumapili, 10 Agosti

Saa tatu na nusu asubuhi tulikuwa barazani na chai. Nilikuwa nimeapa kutolitaja kanisa, na nilikuwa nikifanikiwa kwa kutazama saa tu. Mara daktari wa mifugo akatoka zizini kwa jirani, anatembea upesi kuliko umri wake. Kondoo jike wa jirani anazaa na mtoto amekwama. Jirani mwenyewe hayupo, yuko mkewe tu. Mikono ya daktari imekakamaa, haiwezi tena kuingia pale. Akanitazama mimi. Kondoo mia mbili na arobaini, akasema, njoo.

Nikatazama chai yangu. Nikamwambia ukweli: mimi ni mchungaji wa kanisa. Sijawahi kumshika kondoo maishani mwangu.

Akasema anajua. Mke wangu alimweleza tangu juzi, wakati natafuta chumvi. "Kanisa au zizi, mkono ni mkono. Vua shati."

Sitaandika yote. Mke wangu alipiga magoti kwenye majani makavu, akamkumbatia yule kondoo shingoni na kumnong'oneza. Daktari alisimama nyuma yangu akinielekeza. Nenda taratibu. Umeshika nini? Nikasema sijui. Akasema usiniambie unachofikiri, niambie unachogusa. Nikafumba macho. Pua. Mguu mmoja. Wa pili haupo, umekunjika nyuma. Akasema umsukume mtoto ndani kidogo, uukunjue mguu, usubiri mama asukume, ndipo uvute. Usitangulie. Kila nilipotaka kutangulia alinipiga begani. Mke wa jirani alikuwa akilia kimya mlangoni. Alikuwa na kondoo jike watatu tu.

Mtoto akatoka. Ameloa, wa manjano, kimya. Nikadhani amekufa. Daktari akasema msugue kwa majani, kwa nguvu. Nikamsugua. Mke wangu akamsugua. Akapiga chafya, kisha akalia, sauti nyembamba kama mlango wa kabati.

Tulikaa pale chini, mimi kifua wazi na nimepakaa kila kitu, mke wangu ana majani kwenye nywele, tukamtazama akijaribu kusimama. Alianguka mara nne. Mke wangu akanishika mkono ule ule mchafu. Akasema, "Kumbe upo."

Sikuhubiri. Niliomba, lakini kwa ndani. Na ilikuwa saa saba mchana, nikinawa kwa mara ya tatu, nilipokumbuka kwamba ibada ilikwisha zamani. Sikuwa nimeiwaza hata kidogo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumbani. Watoto walikuja mbio, wakanipita, wakamrukia mama yao. Mama mkwe anasema walilala mapema kila siku na hakuna aliyeniulizia, isipokuwa kuhusu kiti.

Karani amekuja na ripoti. Radi alihubiri dakika ishirini na mbili. Watu walitoka wakitabasamu. Wazee wamekutana baada ya ibada na kupitisha kwamba mchungaji apewe likizo kila baada ya miezi mitatu. Nimeguswa. Inaonyesha jinsi walivyoumia nilipokuwa mbali.

Mke wangu amenikalisha jikoni akasema zile siku tatu zimemrudishia mume, na angependa twende tena mwezi wa kumi na moja, sisi wawili tu. Nimekubali kwa moyo wote. Nimetafakari sana safari hii na nimeliona somo lake waziwazi: ndoa za washarika wangu zinakufa kwa kukosa mapumziko, na hakuna wa kuwaambia.

Kwa hiyo nimeshaongea na mama msimamizi. Mwezi wa kumi na moja nimechukua vyumba vyote sita, na mahema bustanini. Wanandoa arobaini. Semina ya siku tatu, vipindi tisa, kichwa chake "Achana na Kazi, Mtazame Mwenzako". Mnenaji ni mimi. Kipindi cha nne namweleza yule kondoo. Daktari nimempunguza kidogo ili habari isiwe ndefu. Mama Mchungaji nimemweka kwenye mapishi, maana mahali pale anapapenda.

Sijamwambia bado. Nataka afurahi ghafla.