Nangiro na Wimbo wa Kumi na Moja

Sogeeni, enyi wakazi wa Lodwar mnaouza makaa na mnaoyanunua, nanyi watu wa Kakuma mliotoka nchi mbalimbali mkakutana kwenye foleni moja ya maji, na nyinyi wa Kalobeyei wenye pikipiki na msio nazo! Zimeni redio, lazeni simu zenu kifudifudi, mnisikilize mimi Aukot, katibu wa kundi la Masikio Kamili, niwasimulie vita alivyopigana Nangiro mpishi wa chapati, siku ya Jumamosi, baina ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, dhidi ya albamu ya nyimbo kumi na moja. Ewe kumbukumbu, usinisaliti leo. Na wewe chaji, asilimia thelathini na mbili si haba, nivumilie hadi nimalize.

Kwanza ijulikane sheria ya taifa letu, maana vita visivyo na sheria ni fujo. Sisi Masikio Kamili tu watu arobaini na mmoja ndani ya WhatsApp, na wengi wetu hatujawahi kuonana ana kwa ana. Kila Alhamisi kura hupigwa. Fulani humpa fulani albamu asiyoijua, naye mpokeaji sharti aisikilize kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio wake, bila kuruka hata kikohozi, kabla jua la Jumapili halijazama. Kisha aliyetoa albamu humwuliza swali moja tu. Anayeshindwa mara tatu hutolewa kundini na kutupwa kule kwa watu wa Vipande, ambako nyimbo hutumwa zikiwa zimekatwa sekunde thelathini na watu hujibizana kwa picha za moto. Tena sheria yasema, asiyesikia hasikilizwi: ambaye hajamaliza albamu ya mwenzake hana ruhusa ya kuleta yake. Mwamuzi wa hayo yote ni Dieudonné wa Kalobeyei, fundi cherehani, Mkongo mwenye sauti nzito na huruma nyepesi.

Sasa tazameni shujaa. Nangiro mwana wa Lokwang, Mwenye Vidole Visivyoungua, Mgeuza Chapati Bila Kijiko, nguzo ya hoteli ya Mama Akeno pale nyuma ya soko la Lodwar, alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza Dieudonné mwenyewe alimpa albamu yenye wimbo wa dakika kumi na nane. Nangiro akauruka, akaulizwa ni mnyama gani anayesikika katikati yake, naye, kwa kuwa ni Mturkana na Mturkana asipojua jibu humtaja mbuzi, akasema mbuzi. Alikuwa jogoo. Mara ya pili Mayen wa Kakuma alimpa albamu ya ngoma, akaulizwa wimbo wa tisa unaanzaje, akajibu, "Nililala wimbo wa tatu." Ukweli huo uliandikwa kwenye kumbukumbu za kundi kwa heshima zote, lakini haukumwokoa.

Hivyo lilibaki anguko moja tu. Na msidhani Nangiro aliogopa aibu, kwa maana mtu aliyepika chapati miaka sita mbele ya wateja wenye njaa ameshazoea matusi. Alikuwa na albamu yake. Kwaya ya kanisa kule Nariokotome ilirekodi nyimbo nane, na katika sauti ya pili yumo mama yake. Kwa mwaka mzima Nangiro aliitunza simuni akingoja siku ya kuwapa watu arobaini wa mataifa manne wamsikie mama. Akitupwa kwa watu wa Vipande, mama yake angekatwa sekunde thelathini.

Alhamisi kura ikapigwa, ikamwangukia Spéciose wa Kakuma ampe Nangiro albamu.

Hapo kundi zima liliguna. Spéciose ni msusi, Mrundi mpole, ana kibanda chake katika soko la Kakuma One, na kila kura ikimpata hutoa albamu ileile: Taa ya Rumonge, gitaa na sauti ya mwanamume mmoja, iliyorekodiwa zamani ndani ya chumba cha mtu. Wanne tulikwisha kuipokea kabla ya Nangiro, na wote wanne tulifaulu, kwa kuwa swali la Spéciose lilikuwa jepesi kupita yote katika historia ya kundi. Huuliza, "Ulifika salama?" Basi. Mimi nilijibu, "Albamu safi sana dada, hasa gitaa." Akanijibu, "Asante, ndugu." Sikuona ubaya wowote katika jibu hilo fupi.

Kwa hiyo Ijumaa jioni nilikwenda hotelini kwa Mama Akeno, nikaagiza chai, na kwa mapenzi mema kabisa nikamjaribu shujaa. Nikamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok, Nangiro. Ndugu yangu, usijitese. Mwambie gitaa ni safi. Sote tulisema gitaa."

Nangiro akaliweka chini gongo lake la kusukumia chapati, akajipangusa mikono kwenye aproni, akanena maneno ambayo nimeyaandika kama yalivyotoka. "Katibu, wewe ni mtu mkubwa, umesoma, kwa hivyo sitakutukana. Mimi nimeanguka mara mbili. Ile ya mbuzi niliongopa, na mpaka leo nikipita sokoni watu wananilia meee. Ile ya kulala nilisema ukweli, na hakuna mtu ananicheka. Sasa hii ya tatu, kama ni kuanguka, wacha nianguke na macho wazi. Na hiyo chai yako imepoa."

Nilikunywa chai ya baridi nikaenda zangu.

Jumamosi ikafika, na upepo wa Lodwar ukaamka mapema na vumbi lake. Nangiro aliisimika simu yake yenye kioo kilichopasuka juu ya rafu ya mafuta ya kupikia, akaligusa jina la wimbo wa kwanza kwa kidole kisafi, kisha akatumbukiza mikono katika unga. Wimbo wa kwanza ukapita kati ya maagizo ya chapati mbili ndengu na chapati tatu supu. Wa pili, wa tatu na wa nne zilipigwa vita na mteja mmoja dereva wa lori aliyetaka taarifa ya habari. Katika wa tano Mama Akeno, mwenye hoteli, mwanamke ambaye hata polisi humwamkia kwanza, alisema kutoka mlangoni, "Nangiro, hiyo mtu ya gitaa amefiwa?" Nangiro akajibu kwamba bado hajajua, ndiyo maana anasikiliza.

Lakini adui mkali alikuja katika wimbo wa sita. Simu iliita. Alikuwa kaka yake, kule malishoni, na habari ya mbuzi aliyevunjika mguu, na mnajua simu ikiita muziki hukatika. Nangiro akaipokea kwa kiwiko, akasema, "Ejok-noi, kaka, huyo mbuzi ashikwe hivyohivyo mpaka wimbo uishe," akaurudisha wimbo wa sita mwanzo, kwa maana sheria haimjui mbuzi. Kaka akapiga tena. Wimbo ukarudishwa tena. Alipopiga mara ya tatu mbuzi alikuwa amekwisha kufungwa mguu kwa kitambaa, na Nangiro alikuwa anaujua wimbo wa sita kuliko wateja wake wanavyojua madeni yao.

Wa saba, wa nane, wa tisa, wa kumi: ikawa saa sita unusu. Hoteli ilijaa. Nangiro alianza kuukanda unga wa pili, beseni kubwa la kilo sita, na ndipo ukaingia wimbo wa kumi na moja. Gitaa peke yake, polepole, bila maneno. Likacheza kama dakika nne, likanyamaza.

Hapa wanahistoria tunatofautiana. Mimi katika rasimu yangu ya kwanza niliandika kwamba shujaa aliungoja ukimya ule jinsi wazee wetu wanavyongoja kisima cha mchanga kwenye lagha, yaani mto wa msimu uliokauka: unachimba, unaufikia mchanga wenye unyevu, unakaa kitako, na maji huja yatakapo yenyewe. Nangiro aliposomewa akakataa. Yeye asema mikono ilikuwa ndani ya unga hadi kwenye vifundo, na hakuwa na njia ya kuizima simu hata kama angetaka. Nilimsihi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Akashikilia unga wake. Basi nimeandika yote mawili, msomaji achague.

Dakika moja ya kimya ikapita. Ya pili ikapita. Mama Akeno akaja na hasira zake za saa ya chakula. "Hiyo mziki imekufa. Watu wanakula kimya kama matanga. Weka ile ingine ya kanisa." Naye akanyoosha kidole chake kirefu kuelekea simu.

Loo, enyi mnaosikiliza! Kidole kimoja tu, na historia ingekuwa nyingine. Nangiro aliruka kutoka kwenye beseni akasimama mbele ya rafu, mikono juu, unga ukimning'inia viwikoni, akanena mbele ya wateja wote: "Mama Akeno! Nimekupikia miaka sita. Sijaunguza, sijachelewa, sijaiba hata sukari. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba dakika. Tazama ule mstari kwa kioo, bado unatembea. Kama mstari unatembea, haijaisha!"

Mama Akeno akautazama mstari. Ulikuwa unatembea. Akakunja mikono kifuani, akabaki pale amesimama naye, na kwa kuwa yeye amenyamaza, hoteli nzima ikanyamaza. Dakika ya tatu. Dereva wa lori akashika kijiko hewani. Dakika ya nne ilipokaribia kwisha, ikasikika sauti ya mwanamume, karibu kabisa, ikisema maneno machache ya Kirundi, na baada yake mtoto wa kike akacheka. Alicheka kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi. Kisha mstari ukafika mwisho.

Mama Akeno akauliza, "Huyo mtoto ni wa nani?"

Hilo ndilo Nangiro alilotuandikia, kwa kidole cha unga, saa saba kasoro dakika tano: "Dada Spéciose nimefika. Lakini nauliza. Wimbo wa mwisho ukinyamaza, baadaye kuna mtu anaongea na mtoto anacheka. Huyo mtoto ni nani?"

Kundi likawaka moto. Wanne tuliofaulu ndio tuliowaka zaidi, nami sababu ya moto wangu naijua. Niliandika, "Katibu anathibitisha kwamba hakuna mtoto." Mungu anisamehe, niliandika hivyo kwa herufi kubwa. Dieudonné akatuma sauti yake nzito: "Bandugu na badada, miye nilisikia ile albumu. Mutoto haiko mule. Huyu mutu wa chapati alisema mbuzi, leo anasema mutoto. Spéciose aseme neno moja tu, na minamutosha inje ya kundi."

Tukangoja. Juu ya kioo tukaona kwamba Spéciose anarekodi sauti. Ikapotea. Anarekodi tena. Ikapotea. Mara ya tatu sauti ikaja, nasi arobaini tukaifungua, kila mmoja alipokuwa, na kitu cha kwanza tulichosikia ni mwanamke anacheka. Sisi wanne hatukuelewa. Nangiro alielewa palepale, kwa sababu yeye peke yake alikuwa amekwisha kukisikia kicheko hicho, kikiwa cha mtoto.

"Ni miye," Spéciose akasema. "Nilikuwa na miaka saba. Yule ni mjomba. Aliniambia nifunge mdomo mpaka aniambie nifungue, maana chumba kilikuwa kimoja. Wimbo ukaisha, akasahau kuzima mashine, akasahau na miye. Nikakaa na mkono mdomoni. Halafu akaniona, akasema, 'Wewe, bado umefunga?' Ndiyo nikacheka. Mjomba hakuvuka mpaka pamoja na sisi. Hii albamu nimeitoa mara tano. Sikutaka kumwambia mtu kuna nini mwishoni. Nilitaka mtu afike mwenyewe. Asante, ndugu Nangiro. Umefika salama."

Dieudonné hakutuma sauti tena. Aliandika neno moja, "Pardon," na mimi nikalifuta lile langu la herufi kubwa, ingawa kila mtu alikuwa amekwisha kuliona. Nikaenda nyuma ya duka la mabati ninapofanya kazi, nikauweka wimbo wa kumi na moja, nikazingoja zile dakika nne zote. Niliona haya, na mtoto alipocheka nililia. Baadaye niligundua kwamba wengine nao walifanya vivyo hivyo, maana tangu saa nane hadi saa tisa hakuna aliyeandika chochote katika kundi ambalo halijawahi kunyamaza hata siku ya mtihani wa taifa.

Alhamisi iliyofuata Nangiro, Mshindi wa Taa ya Rumonge, aliileta kwaya yake ya Nariokotome, akatuambia tu kwamba mama yake yumo, na kwa hiari yake Spéciose aliomba awe wa kwanza kuipokea bila kura. Ilikuwa zamu ya Nangiro kuuliza. Hakuwahi, kwa sababu Spéciose alimtangulia: "Wimbo wa tano, kabla hawajaanza, kuna mama anakohoa kidogo halafu anasema samahani. Ni yeye?"

"Ndiye," akajibu Nangiro, na siku hiyo, kwa furaha iliyomsahaulisha mikono yake, wateja wa Mama Akeno walikula chapati za pembe nne.

Basi na ijengwe sanamu, au kama saruji hakuna, na ipakwe rangi ile rafu ya mafuta. Wajukuu wenu wakiwauliza ni jambo gani kubwa lililotendeka Lodwar katika siku zetu, msiwatajie barabara wala mikutano. Waambieni kulikuwa na mtu, mikono yake imejaa unga, aliyesikiliza albamu ya mwenzake mpaka mwisho.