Madaftari ya Baba na Bahari Yenye Nidhamu

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika kutoka kituo kikuu cha kupima bahari. Wanataka kumbukumbu zote za zamani za vipimo vya maji, kutoka kila bandari, zipigwe picha na kuwekwa mahali pamoja ili mtu yeyote duniani azisome. Bure! Mtu yeyote!

Nimefunga mlango wa ofisi, nikafungua kabati. Madaftari thelathini na moja, moja kwa kila mwaka. Marehemu baba alikuwa mpimaji wa bandari hii kabla yangu. Alishuka ngazi za gati mara mbili kwa siku, akasoma ubao wenye alama za sentimita uliosimama majini, akaandika. Hakukosa siku. Mimi nimerithi kiti chake, ubao wake na kabati. Mashine tuliyoletewa baadaye iliharibika mwaka juzi, hivyo tumerudi kwenye macho na kalamu.

Nani mwingine ana miaka thelathini na mmoja isiyo na pengo? Hakuna. Basi mpini nimeushika mimi.

Nasikia mpimaji wa ng'ambo ya ghuba ameshapeleka za kwake, zimepangwa mwaka kwa mwaka. Mimi humwita Desimali. Hupima hadi milimita. Bahari inapanda na kushuka kama ubavu wa ng'ombe aliyelala, yeye anaandika milimita! Mwezi uliopita bosi alisoma ripoti yake kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Yangu aliiwekea kikombe cha chai juu.

Jumanne, 4 Machi

Nimejibu barua. Nimeeleza kwamba madaftari ni dhaifu, yanahitaji uangalizi maalumu, na kwamba mtu pekee anayeyaelewa ni mimi. Nimependekeza cheo: Mshauri Mkuu wa Kumbukumbu za Kale. Sijapendekeza mshahara. Watajua wenyewe.

Nimeshuka kusoma ubao. Ngazi zina ute, ukiteleza unaoga na nguo. Baba alikuwa na utaratibu: anahesabu mawimbi kumi, anachukua la juu kabisa na la chini kabisa, anagawa kwa mbili. Mimi natupa jicho. Jicho lenye uzoefu linatosha.

Alhamisi, 6 Machi

Desimali amepiga simu! Sauti ya upole, kaka huku, kaka kule, nyumbani hawajambo? Kumbe ana shida. Kituo chake kiliwahi kukaa karibu miaka miwili bila kupima, bomba lenye kifaa chake cha kupimia lilikuwa limegongwa na meli. Anaomba aone madaftari mawili ya baba ya kipindi hicho, ajazie pengo lake.

Nimemwambia yako kwa fundi wa kujalidi vitabu. Akauliza yatatoka lini. Nikasema fundi anaumwa. Akamwombea fundi afueni. Nikaitikia amina.

Baada ya kukata simu nikapata wasiwasi. Bosi ana ufunguo wa kabati. Bosi anampenda Desimali. Madaftari lazima yahame.

Ijumaa, 7 Machi

Yamehama. Haikuwa rahisi. Mke wangu ni fundi cherehani na nyumba imejaa vitambaa vya sare za shule hadi juu ya friji. Alisema akiona hata karatasi moja ya bandari ikiingia, yeye ndiye atakayetoka. Kwa mama sikuthubutu kupeleka. Mama angeuliza kwa nini, na mama nikimdanganya hujua kabla sijafungua mdomo.

Nimeyapeleka kwenye stoo ya chini ya gati, zinakokaa kamba kuukuu. Pakavu kabisa. Nimepangusa sakafu kwa kiganja, vumbi tupu. Mengine kwenye rafu, yaliyobaki chini. Kufuli yangu mwenyewe.

Nilitumia toroli, safari mbili, turubai juu. Mlinzi wa gati aliniuliza nabeba nini. Nikasema vigae vya bafuni. Alishika toroli upande mmoja kunisaidia, akasema vigae vya siku hizi vyepesi kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Jibu la kituo kikuu. Cheo hawakukitaja. Wanamtuma mtaalamu Jumatatu ijayo, mama mmoja anayekuja na kamera yake, atapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Mimi nisisumbuke.

Halafu swali moja chini kabisa ya barua. Wanasema vipimo vyangu vya mwezi uliopita vinalingana sentimita kwa sentimita, kwa siku tisa mfululizo, na jedwali la mwaka. (Jedwali ni lile linalokadiria mapema maji yatafika wapi kila siku.) Je, nina maelezo?

Siku zile tisa nilikuwa na mafua, na jedwali lilikuwa palepale mezani. Tena lina mwandiko mzuri kuliko wangu.

Nimejibu kwamba bahari ya upande wetu ina nidhamu.

Jumatano, 12 Machi

Mtaalamu asinikute mikono mitupu. Nimeamua anikute mtafiti. Nimechukua daftari la kwanza, la tisa na la mwisho, nikakaa nayo kwenye ngazi za gati.

Nilikuwa natafuta tarakimu. Nikakutana na baba.

Aliandika pembeni, herufi ndogo, wino wa buluu. "Mvua. Mawimbi makali, nimehesabu mara mbili." "Meli ya saruji imetoka." Na katika daftari la tisa, siku moja ya Julai: "Mtoto ana homa tangu jana. Nimepima, narudi nyumbani mbio." Tarakimu ya siku hiyo imeandikwa wazi, haikutetemeka, ila kwenye neno mbio kalamu imechana karatasi. Mtoto huyo ni mimi. Homa yenyewe siikumbuki. Nakumbuka tu kiganja chenye harufu ya chumvi kwenye paji la uso.

Kitu kingine. Kila bamvua, maji yanapojaa kupita siku zote, alihesabu ngazi zilizobaki kavu kutoka juu. Daftari la kwanza: tano. La tisa: tano, mara moja nne. La mwisho: nne, nne, tatu. Hakuandika maoni yoyote. Hakusema bahari inapanda. Alihesabu tu ngazi, mwaka baada ya mwaka, nadhani akitumaini kuna mtu atakayekuja kuzisoma mfululizo.

Chai niliyobeba ilipoa.

Kisha nikapata wazo! Nitachora grafu, chini yake jina langu kwa herufi nene. Nimeyarudisha madaftari stoo. Chini, pale penye nafasi.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho Jumamosi ni bamvua na nina miadi na kinyozi, kwa ajili ya picha na mtaalamu. Jedwali linasema mita 3.62 saa kumi jioni. Nimeandika 3.62 leo kabisa. Kazi ya kesho imekwisha leo. Wangapi katika utumishi wanaweza kusema hivyo?

Jumamosi, 15 Machi

Siwezi kuandika vizuri.

Nilikuwa kwa kinyozi, nimenyolewa upande mmoja. Mlinzi wa gati akapiga simu. Maji yamepanda kwenye gati, upepo unayasukuma kutoka baharini, stoo ya chini inaingia maji. Akauliza vigae vyangu viko upande gani.

Nimekimbia na shuka la kinyozi shingoni.

Maji yalikuwa magotini. Ufunguo ukagoma, mlinzi akavunja kufuli kwa nondo. Ndani kamba zinaelea, na kati ya kamba madaftari ya baba, yamefunguka, yamelala kifudifudi. Wino wa zamani haungoji. Maji yote mle stoo yalikuwa ya buluu.

Mlinzi alisimama mlangoni akiangalia. Akasema, "Bwana, vigae vyako vinatoa rangi."

Sikucheka. Sasa hivi pia sijacheka.

Manane yalikuwa kwenye rafu, hayakuguswa. Ishirini na matatu yamelowa. Tuliyatoa tumeyakumbatia kifuani. Nilipoangalia shati nikaona tarakimu mbili zimenigandia, nne na saba, kinyumenyume. Za mwaka gani, sijui.

Mlinzi akanieleza jambo jingine, alilolisikia kwa watu wa zahanati. Desimali alipiga simu ofisini kwangu saa nane, akapiga tena saa tisa kasoro. Upande wake maji yalikuwa yameshapita jedwali sana, alitaka kutuonya. Simu iliita. Hapakuwa na mtu. Akatafuta namba ya zahanati ya mtaa wa chini, akawapigia wao. Wamepandisha dawa zote juu ya meza kabla maji hayajafika mlangoni.

Ningepokea simu ile, ningekuwa na saa nzima na ziada.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu alifungua mlango, akaniona na toroli, nywele upande mmoja. Nilingoja maneno. Aliondoa sare za shule mezani, akachomeka pasi.

Tangu asubuhi anapiga pasi kurasa, kitambaa juu, kitambaa chini, moto mdogo. Mimi natenganisha kurasa kwa kisu cha mkate. Zingine zinasomeka. Zingine zimebaki na kivuli cha buluu tu.

Mama akaja. Sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nilimweleza yote, mpaka fundi wa kujalidi mgonjwa. Nikaanza kulia, mtu mzima, mbele ya pasi.

Mama akakaa, akaokota ukurasa mmoja, akauangalia sana. Halafu akasema, "Sasa unalia nini? Baba yako alikuwa anaandika mara mbili."

Kumbe kila jioni baba aliweka karatasi ya kaboni chini ya ukurasa. Kila mwisho wa mwezi aliipeleka nakala ng'ambo kwa kivuko, kwa mpimaji wa wakati ule, na mpimaji yule akampa za kwake. Na hizo za mpimaji yule, nikamuuliza, ziko wapi? Mama akasema ziko kwenye sanduku chini ya kitanda chake, hakuna aliyewahi kuziulizia. Baba alikuwa na hofu ya moto, ndiyo maana akataka nakala zikae mbali. Mama akatabasamu kidogo.

"Moto tu. Maji aliyaamini."

Jumatatu, 17 Machi

Mtaalamu amefika. Mwembamba, mkimya, begi kubwa kuliko yeye. Nilikuwa nimeandaa maelezo matatu. Nikamtazama usoni nikatoa la nne, ambalo ndilo la kweli. Alisikiliza, akasema tuchukue kurasa zilizopigwa pasi na kitabu changu cha mwaka huu, twende ng'ambo.

Ofisi ya Desimali ni ndogo kuliko yangu na nadhifu mpaka inaudhi. Akafungua kabati. Nakala za kaboni za miaka thelathini na mmoja, zimefungwa kwa uzi, mwandiko wa baba.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia anazo. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Kaka, nilidhani unajua. Ni za baba yako."

Madaftari mawili aliyaomba kwa sababu kipindi kile kaboni ilikuwa imechakaa, nakala zimefifia, alitaka kuona zenyewe. Yote mawili yalikuwa sakafuni. Tukaweka kurasa zilizopigwa pasi kando ya nakala zilizofifia, tukasoma pamoja sisi watatu, dirishani, yeye akitaja, mimi nikiandika, mtaalamu akipiga picha. Mpaka alasiri tulikuwa tumeokoa karibu yote. Imebaki miezi minne ambayo haionekani popote. Miezi minne bahari ilijaa na kupwa, baba akashuka na kupanda ngazi, na sasa hakuna mtu duniani anayejua ilifika wapi. Desimali aliandika mstari mtupu kwa kila siku, mmoja mmoja, siku mia moja ishirini na mbili. Nilitaka amalize haraka. Hakuharakisha.

Mwishoni mtaalamu akafungua kitabu changu cha mwaka huu. Jumamosi: 3.62. Kipimo cha Desimali kilisema 3.914. Alama ya tope kwenye ukuta wa stoo yangu, nilipoipima asubuhi, ilisema hivyohivyo. Nikakata 3.62 kwa mstari mmoja, nikaandika 3.91 na jinsi nilivyoipata. Zile siku tisa za mafua nikazikata pia.

Mtaalamu akasema kwa upole, "Siku ukikosa kupima, acha wazi. Pengo tunaweza kulifanyia kazi. Tarakimu ya uongo inatupoteza sote."

Kwenye kivuko nilisimama peke yangu. Nilijiona mtu mpya.

Ijumaa, 21 Machi

Siku nne za mtu mpya!

Kumbukumbu zimewekwa hadharani. Jina la baba liko juu ya kila ukurasa. Tayari mtu wa nchi ya mbali ameandika kushukuru, anapanga ukuta wa kuzuia bahari kwenye mji wake na alihitaji miaka mingi kama hiyo. Mama alinitaka nimsomee barua hiyo mara tatu. Mke wangu alizima cherehani asikie.

Sasa mtaalamu anatafuta wapimaji wa kuzungumza kwenye mkutano mkubwa mwezi Juni. Ndege, hoteli, kadi ya jina shingoni. Nasikia Desimali ameombwa. Ameombwa! Mimi ndiye niliyezamisha, mimi ndiye niliyekiri. Yeye ana cha kukiri? Hana hata kosa moja, masikini.

Nimeanza kuandika hotuba: Uaminifu katika Vipimo. Imefika ukurasa wa kumi na saba, na inataka utulivu kamili, kwa hiyo tangu Jumanne sijapata nafasi ya kushuka kwenye ubao. Lakini sikuandika uongo hata kidogo. Jumanne nimeacha wazi. Jumatano wazi. Jana wazi, leo wazi. Ukurasa mzima mweupe, msafi, hauna kosa wala neno lililofutwa.

Sidhani kama baba aliwahi kuwa na ukurasa mwaminifu kiasi hiki.